Honi Msibani

Jana alasiri pikipiki yangu ilipiga honi msibani kwa muda ambao mimi nauhesabu mwaka mzima. Waliokuwa chini ya turubai wanasema haikufika dakika mbili.

Uchochoro wetu wa Kimara ni mwembamba, turubai la msiba likifungwa linafunga na njia. Adabu inajulikana: unazima injini, unashuka, unavua helmeti, unakokota chombo ukingoni huku unasema "poleni" kwa sauti ya chini. Nilifanya yote hayo. Nikakata usukani kushoto kukwepa sufuria la wali, honi ikaanza. Nikanyoosha, ikanyamaza. Sufuria lilikuwa bado lipo, nikakata tena, ikalia tena. Shehe alikuwa katikati ya dua.

Mwenye akili angezima swichi. Ya kwangu ilikuwa haizimiki, na hapa naomba mnivumilie maana jambo lenyewe ni tamu. Kwenye pikipiki yangu, honi ina umeme muda wote. Kitufe hakiupeleki umeme, kinaufungulia mlango wa kutokea tu: kinaunganisha waya wa honi na ethi, yaani fremu yenyewe ya chuma, iliyofungwa kwenye hasi ya betri. Sasa waya huo unapita shingoni, pale usukani unapogeukia. Kila kona unakunjwa, kila kona unasuguliwa, mpaka gamba linaisha na shaba inabaki uchi. Shaba ikigusa fremu, honi itajuaje kwamba si kidole changu? Inatii. Kulia shaba inaachia, kushoto inagusa. Kumbe nilikuwa naendesha chombo kinachotangaza kona za kushoto.

Na swichi je? Mwezi uliopita ilikufa nikiwa Kariakoo. Fundi akachomoa nyaya mbili, akazisokota pamoja, akazifunga kwa kipande cha nailoni. "Nimekupigia dairekti, bosi. Sasa hata ukipoteza funguo huna tabu." Nikamlipa na kumshukuru. Tangu siku hiyo injini nilikuwa naizima kwa kitufe cha kwenye usukani, lakini umeme ulibaki macho. Kuulaza ilikuwa mpaka nifungue waya wa betri kwa bisibisi. Bisibisi ilikuwa nyumbani.

Mzee mmoja akanyanyuka mkekani, akanishika bega. "Mwanangu, tumeshajua umefika. Pita."

Umeme wa chombo hiki haukuanza jana kuniaibisha. Kuna siku indiketa ya kulia ilikonyeza watu kutoka Ubungo mpaka Mbezi. Kuna siku fyuzi iliungua, fundi mwingine akaweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

Siku ya taa kuzimika ndiyo siicheki. Injini yangu inapata cheche kwa koili yake ya peke yake pale kwenye magineti, taa zinakula kwingine. Kwa hiyo taa zote zilikufa Barabara ya Morogoro, saa mbili usiku, na injini ikaendelea kunguruma kama hakuna kilichotokea. Ingezimika, ningesogea pembeni nikalaani. Haikuzimika, nikaenda gizani na lori nyuma yangu, mimi na helmeti yangu ya bei mbaya, ambayo ni nyeusi. Lile lori lilinikwepa kwa kiasi cha mkono.

Trafiki wamenisimamisha sijui mara ngapi. Leseni, bima, helmeti ya abiria. Hajatokea hata mmoja akasema: hebu kanyaga breki tuione taa ya nyuma. Nasi taa hiyo tumeipa mgongo; anayejua kama inawaka ni dereva wa lori. Bodaboda akigongwa usiku, kabla hata hajafunikwa kanga, watu wameshakubaliana kwamba alikuwa anakimbia. Huenda alikimbia. Huenda pia kuna mtu alimpigia dairekti, akaambiwa hana tabu. Inaniuma kwamba la pili halina wa kuliuliza.

Leo asubuhi nimenunua swichi, waya mpya na fyuzi ya kweli, ya ampea 10, nikasimama juu ya kichwa cha fundi mpaka akamaliza. Kisha nikaenda kuomba radhi msibani. Yule mzee aliitikia shikamoo yangu, akachungulia nyuma yangu.

"Lile umeliacha wapi?"

"Nimekuja kwa miguu, mzee."

"Haya, kaa. Hitma keshokutwa. Uje hivyo hivyo."