Hamsini ya Giza na Hamsini ya Matundu

Chainizi za nyumbani kwetu huliwa kwa zamu, na sisi wenye bustani tuko zamu ya mwisho. Wa kwanza ni viwavi wa kijani, watoto wa yule nondo mdogo mwenye alama za almasi mgongoni. Ukimgusa kiwavi wake hapigani nawe. Anajinyonganyonga kinyumenyume, anajiachia, anashuka kwa uzi wake mwenyewe na kuning'inia chini ya jani mpaka umalize hasira, kisha anapanda kurudi mezani. Dawa ndiyo usiseme. Mwaka 1953, huko Java, ukoo huu ulishaonekana umeizoea DDT, na dawa nyingi zilizofuata nazo umezizoea. Sikuona sababu ya kupulizia kitu ambacho kiwavi hakimdhuru halafu nikile mimi na wanangu. Nikasema, tuweke neti.

Matuta yetu ni ya kisasa, si ya jembe. Fundi seremala alitupigia masanduku ya mbao, tukajaza udongo na samadi, akasimika na matao ya bomba jeusi la maji la nusu inchi. Kilichobaki ni kufunika, na kufunika, alivyosema mke wangu, ni kazi ya dakika kumi.

Sasa wewe nenda Kariakoo useme unataka neti.

"Neti ya nini, bosi? Dirisha, kuku, kulalia?"

"Ya mboga. Ya kuzuia wadudu."

"Ipo. Hamsini."

"Elfu hamsini?"

"Siyo bei, mzee wangu. Hamsini ndiyo namba yake. Wakulima wote wanachukua hamsini."

Na kweli, hata mtu aliyenishauri alisema hamsini. Nikalipa, nikaibeba kwapani, tukaifunga Jumamosi ile ile. Ilikuwa nyeusi, nzuri, imekaza. Chainizi zikaanza kurefuka shingo na kupauka zikitafuta jua, na nondo nao wakapata pa kukaa kivulini wakati wa mchana.

Kumbe duniani kuna hamsini mbili. Hamsini ya kwanza ni ya neti ya kivuli, na maana yake ni kwamba inakata nusu ya mwanga. Habari za wadudu haina, matundu yake nondo anapita bila kuinama. Hamsini ya pili ni ya meshi: ukiweka rula kwenye neti, ndani ya inchi moja unahesabu matundu hamsini. Hapo hata inzi mweupe, ambaye mwili wake mzima ni kama milimita moja, anapiga hodi na kurudi kwao. Muuzaji wangu basi hakusema uongo. Alisema ukweli kwa asilimia hamsini.

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutusalimia kutoka Muheza, alitazama hali ile kwa siku kadhaa kabla hajafungua mdomo.

"Baba, si kuna ile neti ya kliniki kabatini?"

Nikamweleza kwa adabu zote kwamba neti ya kliniki imetolewa kwa ajili ya malaria, ina dawa yake, na wa kuilalia ni mtoto, si figiri. Halafu nikatoa na hesabu, maana mkwe akishaanza kujieleza hajui pa kuishia: neti za namna ile kwa kawaida zina matundu 156 kwa inchi ya mraba, yaani kama kumi na mawili na nusu kwa upande. Mbu hapiti. Inzi weupe watapita wameshikana mikono.

Mama mkwe wangu habishani. Anaingia chumbani na kurudi na kitu. Safari hii alirudi na kile kitambaa cheupe cha shela kilichopamba ukumbi kwenye sendoff ya shemeji yangu, mita kwa mita, kingine bado kina maua ya dhahabu. Kabla sijamaliza kuwaza, masanduku yote yalikuwa yamevaa.

Lazima niseme haki: kilifanya kazi. Jioni ungewaona nondo wametua juu ya shela, wanatazama mboga kwa mbali. Tatizo lilikuwa watu. Bustani yetu iko mbele, barabarani. Wapita njia walisimama kuuliza nani anaolewa. Jirani mmoja alininunia waziwazi, kwamba shughuli imefika hatua ya mapambo na yeye hajaletewa kadi ya mchango. Mke wangu alipomwambia ni kwa ajili ya chainizi, alinuna zaidi, akidhani anafichwa.

Kisha wakaja vidukari. Hao ni viumbe wa ajabu: jike hana haja ya mume, anazaa watoto walio hai, na watoto wenyewe ni majike waliobeba mimba tangu tumboni. Vitoto vyao vilipenya kwenye tundu la shela bila taabu. Wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, ambao chakula chao ni vidukari, ni wanene, wakabaki nje. Mlinzi amefungiwa getini, mwizi yuko sebuleni anazaa. Jua la Februari lilipoila shela ikaanza kuchanika, wale wekundu wakaingia, na ndipo mboga zikapata nafuu kidogo.

Hiyo hamsini ya pili niliipata kwenye duka la pembejeo. Nilitoa rula ya shule ya mwanangu nikaanza kuhesabu matundu pale pale kaunta.

"Kaka, unanunua au unaisoma?" kijana akauliza.

Ni neti nzuri, lakini ina masharti. Matundu madogo maana yake hewa ndogo, na kwa joto la Dar mboga hutota jasho humo ndani, kwa hiyo usibananishe miche. Miche yenyewe uikague chini ya majani kabla ya kufunika, la sivyo unamjengea kiwavi nyumba yenye ulinzi. Kingo zifukiwe udongoni. Matango na maboga uyafunulie yakichanua, nyuki wafanye kazi yao. Na mama mkwe uzungumze naye mapema, kwa sababu wangu alikuwa anaamka alfajiri kuifunua yote "zipumue", kisha anaingia ndani kunywa chai.

Nilinunua na mita chache za ziada kwa ajili ya nyanya, maana kantangaze, yule nondo wa nyanya, naye yupo mtaani. Juzi nikazitafuta stoo, sikuziona. Nimezikuta chumbani kwetu, zimeshonwa kwa uzi mwekundu juu ya lile tundu la neti yetu ya kulalia, ambalo lilikuwa linapitisha ngumi.

"Chainizi zinalala bila kuumwa na mbu, mimi naamka na mapele," mke wangu akasema. "Nyanya zitasubiri mshahara."