Rilaksi, Rilaksi, Mpaka Lini?

Mfyuuu! Jamani watu wa Buzwagi, hili neno "rilaksi" lilituingia kwa mlango gani? Kaa hapa kijiweni Mwendakulima tangu kahawa ya asubuhi mpaka jua lizame, utege sikio tu. Unamdai mtu elfu kumi yako tangu mwezi wa nne. Unamkuta kwenye kiti cha plastiki, chupa mezani, mguu juu ya mguu. Unamkumbusha kwa adabu zako zote, naye anakupungia kiganja: "Rilaksi, mzee." Kha! Mwenye deni ndiye anayemtuliza mwenye pesa!

Fundi naye yumo. Amekula advansi ya mlango tangu mvua hazijaanza, mvua zimenyesha zimekatika, mlango ni khanga iliyotundikwa. "Mama, rilaksi, kesho nakuja." Na kesho ya fundi sote tunaijua. Boda ndiyo usiseme: abiria wawili nyuma, gunia la mpunga juu ya tangi, barabara kuu ya Kahama ambako malori ya Rwanda na Burundi yanapita kama hayana breki, naye anayapita kwenye kona. Abiria anapiga kelele, "Taratibu, mwanangu!" Anajibiwa nini? Mnajua wenyewe.

Waingereza wenyewe hilo neno walilitoa kwenye Kilatini, relaxare, maana yake kulegeza kilichokazwa. Basi lazima kwanza pawe na kilichokazwa! Juzi mzee mmoja alimuuliza kijana aliyekuwa amejinyoosha kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi: "Ng'wanawane, tangu Januari hujakaza hata kamba ya kiatu. Sasa unalegeza nini?" Kijiwe kizima tulishika mbavu, na jibu hatukulisikia mpaka leo.

Tena si kwamba tulikuwa hatuna maneno yetu. Kupumzika kumetoka kwenye pumzi: mtu alikuwa anahema, sasa anashusha pumzi. Starehe imetoka Uarabuni na maana ileile ya kupumzika. Mpaka leo mwenye adabu akiingia na wenzake wakataka kuinuka anawaambia, "Starehe, starehe," yaani kaeni, msisumbuke. Lakini hebu litamke hilo neno mbele ya vijana wa machimboni, uone macho yanaelekea wapi. Baa! Starehe tumeshaiharibu, tumehamia kwenye rilaksi, nayo tunaiburuza njia hiyohiyo.

Ah, machimboni! Nani hajamwona yule kijana? Ameshuka duarani, yaani shimo la dhahabu, miezi na miezi, anakula vumbi, anagonga mwamba kwa nyundo na moko, anadaiwa na kila mama lishe. Siku moja duara linatema. Mawe yanapita kwenye karasha, dhahabu inapatikana, mnunuzi anahesabu manoti. Kijana anaoga, anavaa shati jipya, anaaga: "Wazee, naenda mjini kurilaksi kidogo." Kidogo! Chumba cha gesti chenye feni na televisheni, bia za meza nzima hata kwa watu asiowajua majina, kuku wa kuchoma, na boda aliyekodiwa kutwa anasubiri nje pikipiki ikiwa inaunguruma. Siku ya nne anarudi kwa mguu. Macho mekundu, sauti imekauka, shati jipya limebaki huko. Anasimama mbele ya mama lishe na kuomba wali maharage wa mkopo. Ole wetu, mapumziko gani haya yanayomrudisha mtu amechoka kuliko alivyokwenda? Tunacheka, tunatikisa vichwa, na duara lingine likitema mchezo ni uleule.

Wazee wetu wa Usukumani walijua kupumzika, msiniambie. Unalima, unapalilia, unavuna, ghala linajaa. Ndipo mwezi wa sita ngoma zinatoka, vikundi viwili vya wachezaji, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, wanatunishiana misuli mpaka vumbi linaziba jua. Jioni wazee wanaota moto wa shikome, watoto wanasikiliza. Mchumia juani hulia kivulini, walisema, na mpangilio wao ulikuwa huo: jua kwanza, kivuli baadaye. Sisi tumeanzia kivulini, na kivuli chenyewe tunakigombania.

Lakini hapa nishushe sauti kidogo. Mgodi mkubwa wa Buzwagi ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2009, hapa palichangamka: zamu ya mchana, zamu ya usiku, mabasi ya wafanyakazi, vyumba vya kupanga vimejaa. Mwaka 2021 uzalishaji ukafika mwisho, na eneo likatengwa kwa viwanda chini ya ukanda maalumu wa kiuchumi. Wapo waliobaki wakingoja kazi nyingine. Ukimuuliza mmoja wao, "Siku hizi unafanya nini, baba?" anatazama chini na kukujibu, "Nipo tu, narilaksi." Huyo usimcheke. Kukosa kazi si kupumzika. Mtu anayelala na mawazo na kuamka nayo hajapumzika hata dakika moja. Huyo neno hilo amejifunikia aibu, na aibu yenyewe si yake.

Wa kusutwa ni mwingine, na mnamjua. Mkewe ameamka jogoo hajawika. Amechota maji, amepika uji, amepeleka watoto shule, ameshinda anaponda mawe kwa malipo ya ndoo, amerudi na kuni kichwani. Baba anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka wapi? Hapahapa kijiweni! Anavua viatu, anaugulia, "Mama watoto, niletee maji ya kuoga, acha nirilaksi, leo nimechoka." Mweh! Amechoshwa na bao! Na yule mama akithubutu kuegemea ukuta kidogo, anaulizwa, "Mbona umekaa tu?" Watu wazima sisi, na tunaliona hili kila siku ya Mungu.

Na mapumziko si mchezo. Muulize aliyewahi kuendesha lori la mawe usiku, saa tisa, usingizi unamvuta shingo: kufumba macho sekunde chache kunatosha kuua. Ndiyo maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeyaandika kabisa. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, upate mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku na siku, saa 12. Kila wiki, saa 24. Kila mwaka, likizo ya siku 28. Hayo ni haki yako, usiyaone kama hisani ya bosi, na mwajiri anayekuambia "rilaksi, utapumzika mwezi ujao" anakuvunjia sheria machoni pako. Ila yule mama anayeponda mawe na kupika ugali hana rosta wala likizo. Sheria yake ni sisi tuliomo ndani ya nyumba.

Basi nyie wanaume wenzangu, kijiwe kina utamu wake na sikifungi. Deni la watu lipeni leo. Pesa ya duara ipelekeni nyumbani kabla haijafika gesti. Na jioni hii ukiingia ndani, shika ndoo wewe, kachote maji, halafu mwambie mkeo akae. Akitaka kuinuka, mwambie, "Starehe, mama." Anayestahili kupumzika ndiye apumzike.