Namna ya Kuunda Gari la Mashindano la Kale kwa Kutumia Kigari Kilichooza

1. Nunua kibovu

Tafuta Austin 7, wala usipoteze muda na kitu kingine. Kiwanda cha Longbridge, Birmingham, kilitoa takriban magari 290,000 ya aina hii kati ya 1922 na 1939, na Uingereza vipuri vyake bado vinauzwa, vingine vikiwa vipya kabisa. Usinunue zuri. Zuri lina bei, halafu utaona huruma kulikata. Nunua lile ambalo bodi imeliwa na kutu, kuku wametagia kwenye viti, na mwenyewe anaona haya kulionyesha. Kagua mambo mawili tu: chesesi iwe haijapinda, na namba yake ilingane na karatasi za gari. Baada ya hapo kunja uso, guna, shusha bei.

Ukiweza, pata lililotengenezwa kabla ya 1931. Klabu ya Vintage Sports-Car, iliyoanzishwa 1934, inaweka mpaka wa magari ya "vintage" mwisho wa 1930. Tofauti ya miezi michache kwenye karatasi itakuletea heshima ambayo hakuna rangi ya kupaka itakayokupa.

2. Toa kila kinachotoka

Paa, milango, madigadi, viti vya nyuma: vyote chini. Injini ni ya cc 747, na kwenye magari ya mwanzo ilitoa nguvu za farasi kumi na kitu. Huwezi kuzigeuza mia, ndugu yangu. Unachoweza ni kuzipunguzia mzigo, na gari lenyewe halikuwa zito tangu mwanzo. Hii ndiyo njia ya mkato iliyo bora kuliko zote, na haigharimu senti.

Jirani akikucheka, mtajie Colin Chapman. Mwaka 1948, London, alichukua Austin 7 kuukuu, akaivua bodi, akaivika mbao nyembamba zilizobandikwa bati la alumini. Hiyo ndiyo Lotus ya kwanza. Kule New Zealand, Bruce McLaren alianza mashindano kwa Austin 7 ambayo baba yake aliinunua ikiwa mbovu. Magari ya Lotus na ya McLaren yakaja kutwaa ubingwa wa Formula 1. Wewe unafuata nyayo zilezile, usitembee umeinama.

3. Weka fedha pale macho yanapotua

Iga Ulster, toleo la mashindano la Austin 7 lililopewa jina kutokana na mbio za Ireland ya Kaskazini za 1929. Halina milango, mkia wake umechongoka, na bati la alumini limekunjwa kwa mkono. Bati fundi yeyote mwenye subira atalikunja. Lakini watazamaji hawaangalii bati. Wanaangalia mkanda wa ngozi unaofunga boneti, ekzosi inayopita nje ubavuni, na usukani. Hivyo vitatu nunua vya kweli, hata kama itabidi ule maharage mwezi mzima.

Kisha lishushe. Mbele kuna springi moja tu, imelala kukatisha gari. Mpelekee mhunzi ailaze iwe bapa. Nyuma fanya vivyo hivyo. Gari likikaribia ardhi linaonekana linakimbia hata likiwa limeegeshwa, na muda mwingi wa maisha yake litakuwa limeegeshwa.

4. Soma kanuni kama wakili

Silinda ziko nne, lakini matundu ya kuingizia mafuta na hewa ni mawili. Kila silinda mbili zinagombea tundu moja. Mwaka 1951 Chapman na wenzake, kwenye Lotus Mark III, walilitenga kila tundu kwa kiambaza ndani, wakapata njia nne pale ambapo wengine walikuwa na mbili. Kanuni ya mashindano haikukataza. Wakashinda mno hadi kanuni ikabadilishwa. Hilo ndilo lengo lako, rafiki: washindwe kukuzuia mpaka waandike kifungu kipya kwa ajili yako. Usisome kitabu cha kanuni kutafuta kinachoruhusiwa. Tafuta walichosahau kukataza.

5. Vitu viwili usiviibie

Krenki ya injini nyingi za Austin 7 imeshikwa na beringi mbili tu, moja kila upande. Ya katikati ilikuja 1936. Ukiizungusha sana inajipinda, na ikichoka inakatika. Nunua mpya iliyotengenezwa kwa chuma cha leo. Hakuna atakayeiona, na ndiyo maana hakuna atakayekudai ya zamani.

Cha pili ni breki. Zinavutwa kwa nyaya, na kwenye magari ya miaka ya 1920 kanyagio lilishika magurudumu ya nyuma tu, ya mbele yakasubiri breki ya mkono. Badilisha nyaya zote, zirekebishe zishike sawasawa kulia na kushoto, kisha uzijaribu barabara ikiwa tupu.

Klachi nayo inashika ghafla, karibu bila onyo. Jizoeze uani mwako, usiku, geti limefungwa. Gari likizimika mbele ya umati, mkanda wa ngozi hautakusaidia.

6. Shindwa kwa adabu

Peleka gari Prescott, kule Gloucestershire, kwenye mashindano ya kupanda kilima. Pale kila mmoja anapanda peke yake akishindana na saa, kwa hiyo hakuna atakayekupita machoni pa watu. Vaa kofia ya ngozi na miwani ya upepo. Pakaa grisi kidogo shavuni, upande wa wapiga picha. Likikuharibikia, lisogeze karibu na wanaouza chai, fungua boneti, na uiname ukiwa na spana mkononi; ndani ya dakika tano utakuwa na wasaidizi wanaojua kuliko wewe, na wenye furaha kuliko wewe.

Akitokea mtu akauliza linakimbia kiasi gani, mwambie Austin 7 ilishinda mbio za maili 500 za Brooklands mwaka 1930 kwa wastani wa zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Ni kweli tupu. Kisha washa injini kabla hajauliza ni Austin 7 ipi.