Sifa za Skrini Korofi

Kati ya vitu vyote ambavyo wachezaji wa sataranji huvilaani, hakuna kilichodhulumiwa kama hitilafu ya skrini katika programu ya kuchambua michezo. Farasi aliyegeuka herufi, dirisha la uchambuzi lililobaki tupu, mishale inayoelekea miraba isiyo yake, maandishi madogo yasiyosomeka hata kwa miwani: yote hutukanwa, kisha huondolewa bila neno la shukrani. Wala hakuna anayeona haya. Ilhali hitilafu hizi ndizo sehemu pekee ya programu inayomwambia mtumiaji ukweli kuhusu kile anachokitazama, na kwa huduma hiyo hazitozi hata senti.

Ukweli wenyewe ni kwamba injini, ile sehemu inayokokotoa hatua, haioni ubao. Tangu mwaka 2000, Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen walipotoa itifaki ya UCI, injini na dirisha zimekuwa programu mbili zinazoandikiana mistari mitupu ya maandishi. Dirisha huieleza injini kete zimekaaje; injini hujibu imefika kina gani, inaipa hali hiyo alama ngapi, na hatua zipi zinafuata. Stockfish, injini inayomshinda bingwa yeyote wa kibinadamu, haina rangi wala mshale, na haijui malkia anafananaje. Ubao wa rangi ya mbao na ule mstari mweupe na mweusi unaopanda na kushuka pembeni ni kazi ya mkalimani. Mambo yakienda vizuri mkalimani haonekani, na mchezaji hudhani anazungumza na injini ana kwa ana. Mpaka mkalimani ajikwae hadharani ndipo tunapogundua kwamba muda wote alikuwapo.

Chukua fonti. Programu nyingi za zamani huchora kete kwa fonti maalumu, ambamo kila kete imekalia nafasi ya herufi ya kawaida. Fonti ikikosekana, herufi hubaki uchi, na hatua ya malkia hugeuka fumbo. Mlalamishi huona uharibifu; mwenye macho huona kwamba malkia alikuwa herufi iliyovishwa taji tangu mwanzo. Au tazama yaliyompata askari mweusi. Yunikodi, mfumo wa kuzipa namba herufi za kompyuta, ina alama 12 za kete za kawaida, sita nyeupe na sita nyeusi, lakini mwaka 2018 askari mweusi peke yake aliingizwa katika orodha ya emoji. Tangu hapo, kwenye baadhi ya simu, wenzake 11 huchorwa kwa mistari myembamba na yeye hutokea amenona na kung'aa, kana kwamba amepandishwa cheo bila kuvuka ubao. Makocha hawachoki kuwaambia wanafunzi wawatazame askari wao. Hitilafu hii imewasaidia bila kuombwa.

Fadhila kubwa zaidi, hata hivyo, iko katika kuisaka hitilafu yenyewe. Dirisha la uchambuzi liko tupu. Injini imekufa, au inafanya kazi na majibu hayafiki? Mvivu huiondoa programu na kuisakinisha upya, akitegemea bahati. Mwenye subira huitenga injini: huifungua katika dirisha jeusi la amri, huandika uci, nayo hutaja jina na mipangilio yake kisha humaliza kwa uciok. Huandika isready, hujibiwa readyok. Akiipa go depth 20, mistari humwagika. Basi huenda injini haina kosa. Kosa liko kwenye dirisha, au njiani, kama inavyotokea kwa injini changa ambayo mwandishi wake alisahau kuiamuru isukume maandishi nje papo hapo, yakabaki yamelundikana kwenye kumbukumbu. Kwa Stockfish anaweza hata kuandika d, ubao mzima ukachorwa kwa herufi na vistari, akaiona hali ileile ambayo injini inaifikiria. Tazama alichokifanya: amehesabu sababu zinazowezekana, akaishika moja, akaifuata hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine. Hivyo ndivyo anavyoombwa kuchambua mchezo, na hivyo ndivyo asivyofanya mshale wa kijani unapomwonyesha jibu.

Shtaka la kupoteza muda ni zito. Mchezaji mwenye pambano asubuhi anataka kujua kama hatua yake inafaa, si kubishana na kadi ya michoro. Nakubali usiku wake umeharibika. Ila tuulize alichokosa. Alikosa tarakimu, na tarakimu ile hata ikionyeshwa sawasawa si kile ambacho wengi wanadhani. Kwa miaka mingi 1.00 ilisomwa kama faida ya askari mmoja. Tangu Stockfish 15.1, iliyotoka Desemba 2022, imepimwa upya ili iwe na maana kwamba upande huo una nafasi ya asilimia 50 ya kushinda katika michezo ya injini kwa injini. Nukta ilikaa palepale, rangi zilikuwa zilezile, maana ikahama. Hakuna fonti mbovu iliyowahi kuficha habari kubwa kiasi hicho. Na kuiamini mashine kupita kiasi kuna gharama: Mei 1997, jijini New York, Garry Kasparov, bingwa wa dunia, alikubali kushindwa katika mchezo wa pili dhidi ya kompyuta ya Deep Blue, na kesho yake akaambiwa na watu wake kwamba palikuwa na njia ya kutafuta sare kwa kumsumbua mfalme bila kukoma. Skrini haikuwa na lawama. Mashine iliogopwa kuliko hali ya ubao.

Kuna shtaka la pili, na hapa sifa zangu zina mpaka. Hitilafu nyingine hazipigi kelele. UCI huitaka injini itoe alama kwa upande wa mwenye zamu, na madirisha mengi huzigeuza ili zisomwe daima kwa upande wa mweupe. Kugeuza huko kukikosewa, kila kitu hupendeza, ila mweusi akiwa mbele kwa 1.5 na zamu ni yake, skrini huandika +1.5 na msomaji humpongeza mweupe. Anayesogeza hatua moja ataona alama ikiruka hadi −1.5, ashtuke. Asiyesogeza atalala na furaha ya bure, na asubuhi ataufuata mfululizo huo wa hatua kwa hiari yake mwenyewe. Herufi iliyokaa mahali pa malkia haijawahi kumtendea mtu hivyo. Anayetengeneza programu na aanze na kosa hili, leo hii. Fonti anaweza kuziacha siku chache zaidi.