Silinda Moja, Wajuzi Kibao

Ukitaka kujua ukoo wenu una mafundi wangapi, fungua silinda ya Vespa. Yangu ni PX 150, injini ya tuu-stroki, na nimeifungulia kwenye gereji ya nyumba ya kupanga hapa Campbelltown, kusini-magharibi mwa Sydney, ambako watu wenye akili zao hupanda treni.

Ugonjwa wenyewe haukujificha. Kiki unaipiga mpaka kisigino kinawaka moto, na injini ikikubali hugonga kama mtu aliyefungiwa chooni. Pistoni inachezacheza, ringi zimekwisha, kilima kidogo tu unarudi gia ya pili huku wenye magari wakikupigia honi.

Nikaipeleka silinda kwa fundi mmoja mwenye mashine ya kuchongea. Akatumbukiza kipimo chake, akaguna, akasema imelika zaidi upande wa tundu la ekzosi. Kiwandani ilitoka na kipenyo cha milimita 57.8, na pistoni za kuongezea hupanda kwa 0.2: yaani 58.0, 58.2, 58.4. Kila ukichonga unapanda ngazi, na ngazi zenyewe ni hizo. Tukachonga ya kwanza. Bei yake ya saa moja sitaitaja hapa, maana mke wangu husoma safu hii.

Kwa bei hiyo ungetegemea kazi iishe. Wapi! Silinda ya tuu-stroki ina madirisha ubavuni, ya kuingizia mchanganyiko na kutolea moshi, na ringi hupita juu yake kila mzunguko. Ikishachongwa, kingo za madirisha hubaki na makali ya kunyolea ndevu, nazo ndizo zinazonasa ringi na kuivunja. Bwana yule alinirudishia silinda na makali yake yote. Nikakaa Jumapili nzima na tupa ndogo na msasa, nikizilainisha kingo moja moja na kusema maneno yasiyofaa gazetini.

Ndipo akaingia ami yangu wa Unguja. Kwake saa kumi alasiri, kwangu saa tano usiku, simu inalia: “Mwanangu, iwashe niisikie.” Ami, huku usiku! Jirani ataita polisi. “Kwani polisi wao hawajui Vespa?”

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa wa oili. Kitabu kinataka asilimia mbili, mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Ami anataka maradufu, eti pistoni mpya ni kama mzazi, hainyimwi mafuta. Nikamweleza kwamba jeti ya kabureta hupitisha kiasi kile kile. Oili ikizidi, petroli ndiyo inayopungua, hewa haipungui, na injini inazidi kuchemka. Akaniuliza Vespa yangu ya kwanza niliinunua mwaka gani. Mjadala ukaishia hapo. Nikatia asilimia tatu: mbili za kitabu, moja ya heshima, na jeti nikaipandisha saizi moja ili heshima isije ikaunguza pistoni.

Moshi wa heshima nao si haba. Mji huu una mzuka wake rasmi, wa Frederick Fisher, aliyeuawa mwaka 1826. Husimuliwa kwamba alionekana ameketi kwenye uzio, akionyesha kwa kidole upande wa kijito ulikofichwa mwili wake. Kila Novemba hufanyiwa tamasha. Bibi wa nyumba ya pili alichungulia lile wingu langu asubuhi ya baridi, akauliza kama mwaka huu tamasha wamelileta mapema.

Baada ya kuizoesha injini polepole, nikatoka nayo barabara ya Appin, nikaifungulia moto, nikavuta klachi na kuzima papo hapo, nikachomoa plagi. Plagi nyeupe, petroli haitoshi na pistoni iko hatarini. Nyeusi na imelowa, petroli imezidi. Yangu ilikuwa kahawia safi. Nikaipiga picha, nikamtumia ami.

“Si nilikwambia oili?” akajibu. Kisha, baada ya kumshukuru Mungu kwa niaba yangu, akaeleza kwamba ya kwake imelala chini ya turubai Michenzani, imekufa silinda. Anataka pistoni ya 58.4, ringi zake, gasketi na plagi mbili. Ushuru, kasema, tutajuana.