Risiti Haikupatikana

Anayesema kuweka picha kwenye programu ya kuandikia kumbukumbu ni kazi ya kubofya mara moja, huyo hajawahi kuwa katibu wa kamati ya harusi. Mimi nimekuwa. Harusi ni ya binti wa shangazi, vikao ni kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na agizo la mwenyekiti, ambaye ni baba mdogo, lilikuwa fupi: muhtasari uwe na picha. Keki ionekane, sare zionekane, ukumbi uonekane. Na kila aliyechanga kwa simu, ujumbe wa muamala wake uwekwe mbele ya jina lake, ili baadaye pasiwe na maneno.

Maneno yalikuwepo.

Programu yenyewe siitaji. Ni ya wale wanaoandika kwa Markdown, mtindo uliotolewa mwaka 2004 na Mmarekani John Gruber: maandishi matupu na alama ndogondogo, nyota kwa herufi nzito, alama ya reli kwa kichwa cha habari. Kwa maandishi ni raha, nitausifu mpaka kesho. Kwa picha unaandika alama ya mshangao, mabano ya mraba, kisha mabano ya duara yenye njia ya kufikia faili, hivi: ![keki](picha/keki.jpg). Sasa, picha haimo ndani ya muhtasari. Kilichomo ni maelekezo ya mahali inapokaa. Ni kama kumwalika mtu harusini, halafu kwenye kiti chake ukaweka kikaratasi cha kuonyesha njia ya kwenda kwake.

Tulianza na keki. Mwokaji aliituma kama dokumenti ili isipoteze ubora, pikseli 3000 kwa 4000, na skrini yangu ina 1366 kwa 768. Programu ikaifungua hivyo hivyo ilivyo. Kamati nzima ikainama kutazama ua moja la krimu.

"Zuri," akasema shangazi. "Na keki iko wapi?"

Markdown ya asili haina namna ya kutaja ukubwa wa picha, kwa hiyo kila programu imejitafutia yake. Kwenye hii unaongeza mstari wa wima na namba ya upana, na picha inatii. Tungeishia hapo tungekuwa salama, lakini mwenyekiti akataka picha zote zilingane kama za pasipoti, upana 300 na urefu 300. Nikaandika kama nilivyoagizwa. Keki ya ghorofa tano ikabonyea mpaka ghorofa zikakaribia kuingiana. Bibi harusi mtarajiwa akauliza kwa nini bei nayo haijabonyea.

Ikafuata picha ya mwenyekiti mwenyewe, amesimama mlangoni mwa ukumbi, mikono nyuma, kiongozi hasa. Kwenye muhtasari akatokea amelala ubavu. Simu nyingi haziigeuzi picha yenyewe. Huihifadhi jinsi kamera ilivyoiona, kisha huficha ndani ya faili namba moja kati ya 1 na 8 ya kueleza igeuzwe vipi. Programu isiyoisoma namba hiyo inamlaza mtu.

"Mbona nimelala?"

"Hujalala, baba. Ni namba."

"Namba gani?"

"Sita."

Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema tuendelee na ajenda.

Hayo yote yalikuwa madogo. Balaa lilikuja siku nilipoombwa niutume muhtasari kwenye kundi la familia, nao ukaenda kama ulivyo, maandishi matupu. Kwenye kompyuta palipokuwa na picha, kwenye simu za watu pakawa na alama zake. Mjomba wa Morogoro akasoma hivi: "Mjomba, 50,000 !" na baada ya hapo vitu asivyovielewa. Mshangao wenyewe aliuelewa sana. Alinipigia kabla sijanywa chai.

"Elfu hamsini yangu inakushangaza nini?"

Nikamweleza kwamba mshangao ule ni wa picha. Akasema yeye hajatuma picha, ametuma hela.

Wakati huohuo mama mkubwa, mweka hazina, alikuwa amefika kwenye malipo ya awali ya ukumbi. Faili la risiti liliitwa "risiti ya ukumbi", na njia ya aina hii haipendi nafasi kati ya maneno, kwa hiyo kila nafasi huandikwa %20. Kikaingia kundini kitu kinachosomeka risiti%20ya%20ukumbi.jpg. Mama mkubwa hakupiga simu. Aliandika, watu wote wakiona: "Hiyo asilimia ishirini anakula nani? Na mbona imekatwa mara mbili?"

Jibu la kweli ni kwamba katika orodha ya herufi ya ASCII nafasi tupu ni namba 32, na 32 ikiandikwa kwa msingi wa 16 inakuwa 20. Nawaomba wasomaji wasijaribu kumpa mweka hazina jibu hilo. Alijibu kwamba thelathini na mbili ndiyo mbaya zaidi.

Kikaitishwa kikao cha dharura. Nikaenda na kompyuta, nikijua risiti ipo na wakiiona kwa macho yao mambo yatakwisha. Nikafungua muhtasari mbele ya wazee. Mahali pa risiti palikuwa na kisanduku cha kijivu chenye taarifa kwamba faili la risiti ya ukumbi halikupatikana. Mama mkubwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaisoma taarifa ile kwa sauti ili iingie kwenye muhtasari.

Mpwa wangu wa kidato cha pili alikuwa ameazima kompyuta, akaona folda ya picha imejaa ovyo, akaipanga kwa moyo safi. Risiti ilikuwa kwenye folda mpya aliyoiita "Mengineyo". Tuliipata kabla baba mdogo hajafika kwenye ajenda yenye jina hilo hilo.

Sasa muhtasari unatoka kwa PDF, ambamo picha zinaingia ndani ya faili lenyewe na kusafiri nalo. Folda ya picha inakaa pamoja na muhtasari, majina ya mafaili hayana nafasi, na mpwa ana nywila yake peke yake. Mjomba ameongeza mchango, ila ametoa taslimu na amekataza risiti isipigwe picha. Nafasi ya ukatibu iko wazi. Anayeitaka aje Jumapili. Mimi nimeomba kuhamia kamati ndogo ya vinywaji.