Muulize Bi Hakosei: Sufu, Sabuni na Mavyaa Aliyechomwa Sindano

Juma hili barua zote zimenijia na habari moja: sufu. Kila mtu anataka kutengeneza felti, yaani kitambaa cha sufu iliyoshikana, kwa mikono yake, wa maji kwa maji, wa sindano kwa sindano. Wapo wanaouliza imekuwaje mwanamke wa Mji wa Kale, Mombasa, ambako jasho hukutoka hata kivulini, ajue mambo ya kondoo wa baridi. Jibu ni fupi: halipo nisilolijua. Tuanze, kabla sijajisifu.

*Bi Hakosei, shikamoo. Nimejaribu felti ya maji. Nimemwaga maji moto, nimepaka sabuni, nimesugua hadi kucha zimelainika, na bado ninachopata ni rundo la nywele zilizolowa. Nimekosea wapi? — Mlowa Maji, Kajiado*

Marahaba, mwanangu. Barua yako sikuimaliza. Niliruka mpaka chini, nikaona Kajiado, nikajua kila kitu. Hiyo ndiyo tofauti yangu na washauri wengine: wao husoma barua, mie husoma anwani.

Kondoo uliyemnyoa ni wa baba yako mdogo, sivyo? Mwekundu, wa Kimaasai? Basi nenda kamwombe radhi. Yule ni mnyama wa heshima zake. Minyoo ya tumbo inayowamaliza kondoo wa kigeni haimwezi kirahisi, na kuhusu nyama yake sitaki kusema mengi kabla ya chakula cha mchana. Lakini mwilini ana nywele, hana sufu ya kufanyia kazi hii. Yule wa Kisomali mwenye kichwa cheusi naye ni vivyo hivyo. Ukitaka sufu, panda juu kwenye baridi, Molo au Nyandarua, uulizie Merino au Corriedale. Ya Merino ni nyembamba na laini shingoni; ya Corriedale ina ukavu kidogo, na mwanafunzi huielewa upesi zaidi.

Siri iko kwenye unywele wenyewe. Kila unywele wa sufu umevaa magamba madogo mno, yamepangana kama ya samaki, yote yanaelekea nchani. Maji moto na sabuni huyafumbua. Ukisugua, unywele hutambaa kuelekea upande wa shina lake, hujipenyeza katikati ya wenzake, na kwa kuwa magamba hayauruhusu kurudi nyuma, ulipoingia ndipo unapobaki. Zikishaingiana hivyo, haziachani tena. Mume wangu wa pili hakuwa na magamba. Lakini hayo tuyaache.

Kama sufu umeinunua dukani na lebo inasema inafulika kwa mashine, usijisumbue. Kiwandani wameshayalainisha magamba kwa klorini na kuyapaka plastiki nyembamba ili nguo isirudi. Hiyo fumia soksi. Ukiisugua kwa ajili ya felti, Ramadhani itaingia, itatoka, itaingia tena.

Ukipata sufu ya kweli, ichambue iwe mashuke membamba. Tabaka la kwanza lilaze kushoto kwenda kulia, la pili juu kwenda chini, la tatu kushoto kwenda kulia tena. Funika kwa kipande cha chandarua kilichostaafu. Nyunyizia maji moto uliyoyeyushia sabuni ya kipande. Halafu, na hapa ndipo wenye papara wanapoharibu, usisugue kwa nguvu. Papasa. Ukikurupuka, tabaka zinahama na katikati panatoboka. Baada ya muda finya kwa vidole viwili; nywele zikinyanyuka peke yake, endelea kupapasa. Kikinyanyuka kitambaa kizima, hapo kunja ndani ya mkeka, viringisha, geuza, viringisha, na mwisho kibamize mezani kwa hasira zote ulizomwekea mwenye nyumba. Suuza, maji ya mwisho yatie siki kidogo ili iondoe ukali wa sabuni. Na kumbuka kitarudi kwa theluthi nzima, pengine zaidi. Ukitaka kofia ya kukutosha wewe, anza na kofia ya kunitosha mie, ambaye kichwa changu, kwa sababu ya yaliyomo, ni kikubwa.

Ukichoka kuviringisha, dawa ipo. Wafugaji wa Mongolia tangu jadi huiviringisha sufu iliyolowa, wakaifunga ndani ya ngozi na kuiburuta nyuma ya farasi mpaka ikawa ukuta wa hema. Kajiado farasi ni adimu, ila bodaboda hazijaadimika. Funga gunia lako nyuma, mwambie kijana ashike njia yenye mashimo hadi Namanga na kurudi. Polisi wakiuliza ni nini kinachotoa povu barabarani, taja jina langu.

Wala usidhani ni sanaa ya juzi. Kule Pazyryk, kwenye milima ya Altai, makaburi ya zaidi ya miaka 2,000 yalikutwa yamejaa barafu, na ndani yake kulikuwa na felti zilizorembwa kwa rangi, farasi na mpanda farasi wake wakionekana vizuri. Leo ziko katika jumba la makumbusho la Hermitage, St Petersburg. Sisemi kwamba walijifunza kwangu. Sisemi pia kwamba hawakujifunza.

*Bi Hakosei, nimelifua sweta la sufu la mume wangu kwa mashine, kwa maji moto. Sasa linamtosha mtoto wetu wa miaka 2. Mume hajui. Nilitanue vipi? — Nina Wasiwasi, Nakuru*

Hongera! Umefanya bila kukusudia jambo ambalo Mlowa Maji hapo juu ameshindwa kulifanya kwa kukusudia. Maji moto, sabuni, msukosuko: hiyo ndiyo felti, na mashine imekuviringishia bure. Halitanuki. Likishashikana hivyo hata mie siwezi kulibembeleza, na mie nimewahi kumbembeleza karani wa ardhi.

Kwa hiyo chukua mkasi. Felti nzuri haifumuki ukingoni, hivyo huhitaji upindo wala cherehani. Mikono ya sweta ifanye mifuko ya simu. Mgongo ukate vitambaa vya kuwekea sufuria, maana sufu ni ngumu kushika moto. Kifua ukate soli za ndani za viatu. Vipande vitakavyobaki mpelekee mpiga piano, kwa kuwa vinyundo vinavyogonga nyuzi ndani ya piano huvikwa felti ya sufu, na bila hiyo mlio ungekuwa wa kuumiza masikio. Jambo hili niliwahi kumweleza mpiga piano wa hoteli moja ya ufukweni, wimbo ukiwa katikati. Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani ilikuwa shukrani.

Na mume? Mwambie amenenepa.

*Bi Hakosei, nilitaka kumpa mavyaa wangu zawadi ya Idi: mwanasesere wa sufu aliyefanana naye, kwa felti ya sindano. Nilipofika kifuani, akaingia bila kupiga hodi, akanikuta namchoma. Tangu hapo hasemi nami, na majirani wamehamia upande wa pili wa barabara. — Mkazamwana, Tanga*

Swali la kwanza: alifanana? Maana kufananisha sura kwa sufu si kazi ya kila mkono. Mpwa wangu alinitengenezea mie mwenyewe mwanasesere, akaniweka kidevu ambacho sina. Nilimkabidhi sindano, nikakaa kando yake mpaka kikaisha. Ndiyo raha ya sanaa hii: popote unapochoma, sufu hubonyea, hukaza, hupungua. Tumbo hupungua, mashavu hupungua. Nimewaandikia madaktari kuhusu hilo, bado wanatafakari.

Majirani zako waeleze kitaalamu. Sindano hii si ya kushonea, haina tundu la uzi. Ncha yake ina pembe tatu, na kwenye pembe kuna vijino vinavyoelekea chini. Ikishuka huzishika nywele za juu na kuzisukuma ndani. Ikitoka huziacha humo. Hapa huhitaji maji wala sabuni. Viwanda vilikuwa vikitumia vitanda vizima vya sindano hizo tangu karne ya 19. Wanaotajwa kwamba waliichomoa kwenye mashine na kuitia mkononi ni Eleanor na David Stanwood wa Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1980. Mie miaka hiyo nilikuwa na shughuli nyingine, la sivyo mngetajiwa jina jingine.

Kwa kuunda mwili tumia namba 36, kwa kazi ya kila siku 38, kwa macho na midomo 40. Namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Usianze na Merino tupu, kwani sufu yenye ukavu hushikana haraka zaidi. Chini weka sponji nene ya godoro, wala si paja lako. Choma na uchomoe kwa mstari uleule mmoja. Usiipinde wala usiitumie kuchokonolea, kwani ni chuma kikavu, huvunjika, na kipande chake kikibaki ndani ya tumbo la mavyaa utapata tabu ya kukieleza mbele ya wazee. Na ukichoma, tazama unachochoma. Tamthilia ya jioni isikilize kwa masikio tu. Vidole vikishaloa damu, hadithi yako mtaani itazidi kuharibika.

Kumbe mhariri ameshanipungia mkono, nafasi imekwisha, na swali lako lenyewe sijaligusa. Haya, upesi. Tengeneza mwanasesere wa pili, huyu awe wewe. Usimmalize; mwache mlegevu, hajakazwa popote. Chukua sahani ya visheti, nenda kwa mavyaa, msalimu kwa adabu, umwekee mbele mwanasesere wako, sponji na sindano namba 36, useme, "Mama, nimeshindwa kujimalizia, nisaidie." Mchomo wa kwanza atasitasita. Wa kumi atakunja mikono ya buibui. Ikifika alasiri, hata chai hataitaka. Akikurudishia, pokea kwa mikono miwili, mshukuru, wala usimuulize kwa nini amekaza zaidi mdomoni.